HAKI YA MCHOMA MAKAA NA HAKI YA ARDHI

Katika darasa yetu ya baada ya Laasiri hapa Masalani tulikuwa tumefika mlango wa Ijara, yaani mlango wa kuajiri na kukodi, aliposimama mmoja katika wanafunzi akauliza suali ambalo kitabu hakikulitaja. Yeye kazi yake ni kuchoma makaa. Akasema: "Nyinyi mwatufunza ya kuwa ujira wa mtu ni haki yake, na Ijumaa iliyopita tumeambiwa juu ya mimbari ya kuwa mwenye kukata miti ovyo aharibu ardhi ya Mungu. Mimi nikiweka shoka chini watoto wangu watalala na njaa, na nikilichukua nimekuwa mharibifu. Basi ipi ndiyo njia yangu?"

Baadhi ya watu walicheka, kisha wakanyamaza. Walinyamaza kwa sababu hapakuwa hata mmoja katika sisi ambaye asubuhi ile hakunywa chai iliyochemka kwa makaa ya mtu kama huyu. Tukaomba muhula wa wiki mbili tupate kufikiri na kupitia vitabu, na haya tuyaandikayo ndiyo yaliyosemwa katika darasa mbili zilizofuata. Twawaletea khasa ndugu zetu wa miji ya mwambao, kwani makaa ya nchi hizi za Tana hayaishii hapa. Hupandishwa malorini usiku yakateremka mijini, na anayeyatia jikoni aghlabu hajui yalitoka kwenye mti gani wala aliyeyachoma alipata nini.

Ni ajabu ya majina kwamba sehemu yetu yaitwa Ijara, na mlango ule wa fiqhi nao ni Ijara. Hatusemi kwamba jina hili limetokana na lile, lakini wanafunzi walipendezwa nalo, nasi tukaliacha liwapendeze.

Tuanze na aya. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 85, Mwenyezi Mungu atusimulia khabari ya Nabii Shuaib na watu wake wa Madyan, waliokuwa watu wa biashara. Baada ya kuwaita katika kumuabudu Mungu mmoja, aliwaamrisha kutimiza vipimo na mizani, akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao, na papo hapo, kabla aya haijesha, akawakataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Mambo haya mawili sisi tumezoea kuyatenga, tukamwachia kadhi la mizani na bwana misitu la ardhi. Nabii Shuaib aliyasema kwa pumzi moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeyaweka jirani: kifungu cha 41 chataja ujira na masharti ya haki katika kazi, na kifungu cha 42 chataja haki ya kila mtu kupata mazingira safi.

Ama kuhusu kazi yenyewe ya shoka, hapana aibu ndani yake. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas khabari ya mtu mmoja katika Ansari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani, naye hakuwa na kitu ila nguo nzito na bakuli. Vikauzwa kwa dirhamu mbili. Kwa moja akaamrishwa awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akatafute kuni auze, asionekane siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Na akiwapo mwenye kusema juu ya isnadi yake, iko katika Bukhari hadithi nyingine yenye maana hiyo hiyo, ya kuwa mtu kubeba mzigo wa kuni mgongoni akauza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu.

Lakini Abu Dawud huyo huyo amepokea pia onyo kali juu ya mwenye kukata mkunazi. Alipoulizwa maana yake alieleza ya kuwa ni yule akatae, kwa dhuluma na bila ya haki, mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chini yake. Basi shoka ni lile lile. Mkono wa Mtume umelitia mpini, na onyo limelizuia lisifike kila mti. Tofauti imo katika mti gani, kwa haki ya nani, na nani atakayekosa kivuli.

Sasa na tuitazame nchi yetu. Masalani ni mji wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana, na mto huu ndio uhai wetu sote, Wasomali wenye ng'ombe, Wapokomo wenye mashamba ya ukingoni, Waorma ng'ambo, na Waboni wa msituni. Huko juu mto umezuiliwa kwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Taa za Nairobi na za Mombasa ziliwaka. Huku chini mafuriko yaliyokuwa yakileta udongo na kunywesha mashamba na misitu ya ukingoni yakapungua na kuharibika nyakati zake, na yanapokuja, kama yalivyokuja mwaka 1997, 2023 na 2024, huja kwa kishindo cha kubomoa. Hatusemi umeme ni haramu. Twasema tu ya kuwa anayetumia kitu yuko mbali na anayelipia, na jambo hilo ndilo tutakaloliona tena katika makaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaanzishwa mradi mkubwa wa pamba huko Bura, ng'ambo ya magharibi ya mto, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wengineo. Watu waliletwa kutoka pande nyingi za Kenya, wakapewa mashamba na kazi. Hesabu ilikuwa ekari nyingi na maelfu ya jamaa. Kilichopatikana kikawa chini ya nusu ya hesabu hiyo, na gharama ikapanda. Maji yalitegemea mapampu ya mafuta yaliyokuwa yakiharibika mara kwa mara, na kufikia mwaka 1990 mradi ulikuwa umeanguka. Jamaa zile zilizotoka kwao kufuata kazi zikabaki hazina pamba wala nauli. Serikali iliufufua baadaye, lakini miaka ile ya ukiwa imeacha alama.

Katika alama hizo ni mti. Familia zile za Bura zilihitaji kuni, na msitu wa ukingoni haukuweza kuzitosheleza, basi katika miaka ya 1980 ukaletwa mti wa Marekani ya kusini na ya kati ambao wataalamu huuita prosopisi, na ambao Kenya nzima sasa yaujua kwa jina la mathenge. Wala mwambao usidhani haumo katika khabari hii, kwani mbegu zake zinazojulikana za kwanza katika Kenya zilipandwa mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, ili kufunika machimbo ya mawe ya saruji, nazo zilitoka Brazili na Hawaii. Nia ilikuwa njema. Mti huu huvumilia ukame, mizizi yake hushuka mbali, na kuni zake huwaka vizuri.

Kisha ukaenea kupita nia ya wapandaji. Mbuzi na ng'ombe hupenda maganda yake kwa utamu, mbegu hupita matumboni mwao zikiwa zima, na kila wanapolala ikaota vichaka. Miiba yake hutoboa tairi na nyayo, na utamu wa maganda huoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo walikwenda Mahkama Kuu kuishtaki Serikali kwa ajili ya mti huu, na hukumu ya mwaka 2007 ikawapa haki. Huku kwetu umeziba njia za mifugo kwenda mtoni na kufunika mifereji na mashamba yaliyoachwa. Penye mathenge mengi majani hayaoti, na penye kukosa majani mfugaji amekwisha.

Ndipo kila mwerevu husema: "Basi chomeni mathenge yote makaa, kazi ipatikane na mti uishe." Sisi pia tulisema hivyo katika darasa ya kwanza, na tulidhani tumemaliza. Mwanafunzi wetu mchoma makaa akatutazama kwa huruma, akatufundisha.

Alisema: Mathenge ni vijiti vingi vilivyosongamana na miiba. Mtu hukata kutwa nzima apate kile ambacho mgunga mmoja mkubwa humpa kwa asubuhi moja. Mwiba wake ukikuingia mguu huvimba. Na ukiukata juu ya ardhi, kisiki huchipua matawi mengi kuliko ya kwanza. Hauishi mpaka uchimbe chini ukate mzizi, na kuchimba ni kazi juu ya kazi. Kisha akifika tajiri na lori lake hununua gunia kwa bei moja, la mgunga na la mathenge sawasawa, bali la mathenge hulikataa akilipata la mgunga. Na gunia lenyewe halina kipimo, kwani likijaa hadi mdomoni hufungwa kamba na matawi juu yake, yakapandishwa makaa mengine hata likawa na kichwa, na kichwa hicho hakilipiwi. Mjini, yule tajiri huligawa kwa debe na mkebe, na hapo hapana kichwa.

Tukasoma tena aya ya Shuaib, na safari hii hapakuwa na aliyecheka.

Yatupasa tuseme wazi hukumu ya ujira huu, maana ndiyo iliyokuwa somo letu. Katika madhehebu yetu ya Shafii ijara haisihi ila kazi ijulikane na ujira ujulikane. Mwenye kumwambia mtu, "Wewe choma, tutaangaliana nikisha kuuza," hajafunga ijara iliyo sahihi. Na akishachomewa, hawezi kusema kwamba kwa kuwa mapatano yalikuwa mabovu hadaiwi kitu. Juu yake ni ujira wa mfano, yaani kile apewacho mtu kwa kazi kama ile mahali kama pale. Hadithi ya kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka wanavyuoni wameizungumza isnadi yake, lakini ile ya Bukhari yatosha, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ni mgomvi, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyeajiri akaitimiziwa kazi asitoe ujira. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo yamtaka mwajiri alipe ujira kamili unapofika wakati wake. Walakini mchoma makaa hana karatasi ya kazi, na tajiri akiulizwa husema, "Huyu si mtumishi wangu, mimi nanunua tu." Akopeshapo unga na sukari kabla ya kuchoma, akapanga bei peke yake, na akamzuia kumwuzia mwingine mpaka deni liishe, sisi hatuoni kwamba ananunua tu.

Ujira mbaya huu ndio unaokata migunga. Mtu akilipwa kidogo kwa kazi nzito, na hicho hicho kwa kazi nyepesi, atakwenda kwenye nyepesi. Mgunga uliokua miaka mingi na ambao mbuzi wa watu wamekula maganda yake kila kiangazi huanguka kwa sababu ya shilingi chache zilizopunguzwa juu ya gunia la mathenge. Khasa baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika Kenya, wako waliofiwa na ng'ombe wote wakabaki na shoka. Kumhubiria mtu huyu juu ya miti pasipo kutaja bei ya gunia ni kumfanyia stihizai.

Serikali imejaribu njia ya amri. Mwaka 2009 zilitolewa kanuni za makaa, za kuwataka wachomaji wajiunge katika vyama, wapate vibali vya kuchoma na vya kusafirisha. Mwezi wa Februari 2018 ukataji ulipigwa marufuku katika misitu ya serikali na ya jamii, na mwaka 2023 ikatangazwa kuondolewa kwa marufuku hiyo. Wakati wa marufuku bei ya makaa ilipanda mijini. Je, nyongeza ile ilimfikia mchomaji? Kwa tuliyoyaona sisi, ilimfikia zaidi mwenye lori, naye mchomaji akaongezewa hofu.

Hapa tulimkumbuka Sayyidna Umar. Alikuwa na malisho yaliyohifadhiwa, ambayo Waarabu huyaita hima, na akamweka mtumwa wake aliyemwacha huru, Hunayy, kuyasimamia. Imo katika Bukhari ya kuwa alimwusia awaruhusu kuingia wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan, kwa kuwa hawa wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini akifiwa atakuja mlangoni na watoto wake. Umar hakuifungua hima ikaliwa ikaisha, wala hakuifunga kwa wote sawasawa akadhani huo ndio uadilifu. Alitazama nani ana pa kurejea. Marufuku zetu nyingi humkamata mwenye baiskeli na gunia mbili, na lori likapita.

Na mfano wa pili tunao jirani. Hapa Ijara wenyeji wametenga ardhi yao ya Ishaqbini kwa ajili ya hirola, paa ambaye katika dunia nzima hawazidi mia tano, na ambaye makao yake ni nchi hizi za mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya boma la kuwakinga na simba na chui. Wataalamu waliochunguza upungufu wake wameona ya kuwa pamoja na magonjwa na ukame, mbuga zake za majani zimevamiwa na miti. Mtoto wa Garissa, Dk. Abdullahi Hussein Ali, aliyepewa tuzo ya Whitley mwaka 2020, amekuwa akifanya kazi pamoja na wafugaji ya kurudisha majani hayo. Twalitaja hili ili msomaji asije akadhani kwamba kuhifadhi ni kukataza shoka daima. Pahala pengine kazi ya haki ni kukata, kung'oa, na kupanda majani nyuma yake, na mtu kulipwa kwa hayo yote matatu.

Ama ninyi ndugu wa mijini, israfu mnaijua. Aya ya 31 ya sura ile ile ya Al-Aaraf imetuhalalishia kula na kunywa na ikatukataza kupita kiasi, nasi twaisoma tukifikiri sahani ya pilau, hatufikirii moto uliopika. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa makaa kiasi cha kilo moja tu au moja na nusu kwa kila kilo kumi za kuni, na nyingine hupotea moshi. Kwa hivyo kila kilo ya makaa inayopotea jikoni ni kama kilo saba hata kumi za mti. Jiko la bati lililotiwa udongo ndani, ambalo limeenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa karibu theluthi au zaidi kuliko la bati tupu. Wako watu ambao hununua simu mpya kila mwaka, na jiko la bati limetoboka tangu alipoolewa mama yao.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Makaa ya migunga ya Somalia yalikuwa yakipakiwa Kismayu kwenda nchi za Ghuba, na sehemu yake ikaishia juu ya buruma za shisha. Mwezi wa Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo kwa azimio nambari 2036, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikilisha vita. Nchi yenye njaa ilikata vivuli vya mifugo yake ili watu walioshiba wavute moshi, na muuzaji na mnunuzi wote ni Waislamu.

Basi tulimjibu nini mwenzetu? Tulimwambia ya kuwa kazi yake ni halali maadamu haikati mti wenye kivuli na malisho ya watu, wala wa ukingoni unaoshika udongo wa mto, wala wa ardhi ya jamii pasipo idhini ya wenyewe. Mathenge na auchome, achimbe na mzizi, asiache kisiki, na asichukue maganda akayapanda kwingine ili asikose kuni kesho. Wako wanaoogopa kwamba tukiufanya mti huu kuwa riziki tutaulinda badala ya kuumaliza, na khofu hiyo hatuwezi kuipuuza. Na tukamwambia, dhambi ya mgunga ulioanguka haiko juu ya shoka lake peke yake, bali iko pia juu ya aliyepanga bei na aliyenunua asiulize.

Akasema, "Hayo ni mazuri, lakini bei ni ile ile."

Ikawa haya kubwa kwetu. Jioni ile tulichangishana, wakajiunga nasi mama watatu wenye hoteli za chai na mwalimu wa madrasa, tukanunua mizani ya kutundika, ikawekwa nyuma ya duka la mmoja wetu. Makaa ya mathenge yaliyochimbwa na mzizi hununuliwa hapo kwa kilo, kwa bei iliyoandikwa ukutani, na hulipwa papo hapo. Gunia la kwanza lenye kichwa lilipopimwa, mwenyewe alisimama akautazama mshale muda mrefu, kisha akauliza yale aliyouza tangu mwaka juzi atayahesabu vipi. Suali hilo la pili ni la madeni na mazalima, nalo tutaliandika katika waraka ujao, inshaAllah.